Deni la mbegu hulipwa sokoni

Msimu wa 2021/22 Serikali ya Tanzania, kupitia Wakala wa Mbegu za Kilimo (ASA), ilisambaza mbegu za alizeti kwa mkopo kwa wakulima wa Singida, Dodoma na Simiyu, ili kupunguza mafuta ya kula yanayoagizwa nje. Masharti yalikuwa mepesi: panda sasa, lipa ukivuna. Lakini mikopo ya namna hii huanza kuwa migumu baada ya mavuno.

Mkulima wa Mandewa, pembezoni mwa mji wa Singida, ana njia nyingi za kuuza alizeti. Ataikamua kwenye mashine ya mtaani na kuuza mafuta kwa madumu, atampa dalali magunia, au ataihifadhi akingoja bei. Tumbaku hupita kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), na deni la pembejeo hukatwa kabla mkulima hajashika fedha. Alizeti haina mlango kama huo. Mdai hubaki kumtegemea mtendaji wa kijiji au mtaa azunguke nyumba kwa nyumba.

Kuna pia suala la bei. Tuseme deni ni shilingi 20,000. Kilo ikiuzwa 1,000, mkulima atatoa kilo 20. Ikishuka hadi 500, atatoa 40, ingawa mbegu aliyokopa ni ileile. Alizeti hushindana na mafuta ya nje, hivyo ushuru wa forodha wa mafuta hayo ukipunguzwa, bei ya alizeti hushuka na mwenye deni la fedha taslimu huumia.

Hata pale penye mkusanyaji wa uhakika, mavuno yakikosekana deni hukwama; Ayalandi iliwahi kupitia mkopo wa mbegu wa namna hii. Baada ya mavuno mabaya ya 1879, sheria ya 1880 iliruhusu bodi za kuhudumia maskini kuwakopesha wakulima wadogo viazi vya mbegu bila riba. Deni lilikusanywa pamoja na kodi ya kuhudumia maskini, kwa hiyo mkusanyaji alikuwepo tayari. Hata hivyo malimbikizo yalizuka, yakajadiliwa bungeni London, kwani mkusanyaji hawezi kupata malipo kwa mtu ambaye shamba lake limekosa mazao.

Kwa hiyo mkopo wa alizeti unahitaji mambo matatu kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa: deni lihesabiwe kwa kilo za mazao, ghala la kupokelea lifunguliwe wakati wa mavuno, na mkataba useme mvua zikikatika malipo yanasogezwa hadi msimu upi. Yasipoandikwa mapema, anayelipa kwa uaminifu mwaka huu ataona jirani asiyelipa hakuguswa, na mwakani naye hatalipa.