Koti la mvua: kinachopandisha bei ni jasho

Plastiki ya bei ya chini kabisa sokoni huzuia maji sawasawa na koti la mpanda milima la mamia ya pauni. Kinachotenganisha bei ni jasho. Mwili unaofanya kazi hutoa mvuke, na mvuke usipopata pa kutokea hugeuka maji humo humo ndani; utafika uendako umelowa chepechepe ingawa hakuna tone la mvua lililopenya. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize: nikilivaa nitakuwa nimekaa au natembea?

Tatizo hili limedumu miaka 200. Mwaka 1823 Charles Macintosh, mkemia wa Glasgow, alisajili hataza ya kitambaa kisichopitisha maji. Alikuwa akinunua lami ya kiwanda cha gesi ili apate amonia ya kutengenezea rangi za nguo, akabakiwa na nafta. Nafta ikayeyusha mpira, naye akaupaka mpira huo kati ya vitambaa viwili na kuvigandisha. Maji yakakoma. Ila koti lilinuka, lilinata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi, na mafundi cherehani walilitoboa kwa sindano palepale penye mishono. Kunata na kukakamaa kuliisha miaka ya 1840, baada ya Charles Goodyear wa Marekani na Thomas Hancock wa Uingereza kuupika mpira kwa salfa. Jasho lilibaki. Makoti ya aina hiyo yangali yanatengenezwa Scotland, mishono ikigundishwa kwa mkono, na bei yake ni ya mtu anayetaka kutembea na historia mabegani.

Thomas Burberry, muuza nguo wa Basingstoke, alipita njia nyingine. Mwaka 1879 alibuni gabardini: nyuzi hutiwa dawa ya kuzuia maji kwanza, kisha hufumwa kwa kubanana sana. Hewa hupita. Roald Amundsen alikuwa nayo alipofika Ncha ya Kusini mwaka 1911. Leo koti la gabardini lenye jina la Burberry huzidi pauni 1,500, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya fedha hiyo hulipia jina. Manyunyu ya London linayaweza. Mvua ya masika ya saa nzima haliiwezi.

Pamba iliyopakwa nta ni chaguo la watu wa kukarabati. Barbour ilianza mwaka 1894 South Shields, mji wa bandari, ikiwauzia mabaharia na wavuvi. Koti lake jipya ni kama pauni 300. Tuseme litadumu miaka 20: hiyo ni pauni 15 kwa mwaka, pamoja na kopo la nta kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Hesabu nzuri, ila kwa mwenyeji wa Newcastle. Dar es Salaam au Mombasa nta italainika na kukuachia madoa, ukilitundika kabatini kwenye unyevu litaota ukungu, na mashine ya kufulia haligusi. Limuru au Lushoto, labda.

Kisha kuna utando. Mwaka 1969 Robert Gore alivuta kwa ghafla plastiki ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyonata, ikawa utando wenye vitundu vidogo mno: tone la maji haliingii, mvuke hupenya. Kitambaa chenye utando huo, Gore-Tex, kilianza kuuzwa mwaka 1976. Hapa ndipo ughali una maana, kwa mfano kwa anayepanda Kilimanjaro kupitia msitu wa Machame, saa nyingi mlimani huku mvua ikinyesha. Ukipanda mara moja tu maishani, kodi koti Moshi. Lakini mvuke hutoka kwa sababu nje kuna ubaridi na ukavu zaidi kuliko ndani. Pwani, hewa ya nje ikiwa na joto na unyevu kama ya kwapani, utando wa bei mbaya hufanya kazi karibu sawa na plastiki.

Makoti haya ya utando huingia pia kwenye marobota ya mitumba, na hapo ndipo mnunuzi mjanja hupata faida. Ligeuze ndani nje. Tepe zilizofunika mishono zikiwa zimebanduka, maji yatapita. Ndani kukibambuka kama ngozi ya kuungua, au kukinata vidoleni, tabaka la ndani limeoza na hakuna fundi wa kulirudisha. Kitambaa cha nje kinachonywa maji ni jambo jingine: mara nyingi ni dawa ya kuzuia maji ya juu yake iliyochoka tu. Lifue kwa sabuni laini bila dawa ya kulainisha nguo, lisuuze sana, kisha kama lebo ya ndani inaruhusu, lifunike kwa kitambaa na ulipige pasi ya moto mdogo. Dawa hiyo isiporudi kufanya kazi, ipo ya kunyunyizia. Wauzaji wengi hawalijui hili, ndiyo maana koti zima huuzwa kama bovu.

Turudi kwenye swali la mwanzo: dereva wa bodaboda amekaa, upepo unampiga, hatoki jasho la kupanda mlima. Plastiki nzito yenye mishono iliyochomwa kwa moto inamtosha, mradi mikono ibane na kola ifungwe mpaka shingoni. Akiwa na fedha ya ziada anunue suruali ya mvua kabla ya kufikiria koti bora, maana maji ya barabarani hurushwa kutoka chini, na yale yanayomwagika mapajani hutuama kwenye siti.