Plasta ya michezo haitibu goti

Jioni ukipita viwanja vya mchanga hapa Pwani utawaona vijana wamebandika mikanda ya rangi magotini na mabegani. Siku hizi hata wachukuzi wa mizigo wanaibandika kiunoni. Je, plasta hii inatibu?

Haitibu. Inasaidia, na msaada wenyewe una mipaka.

Ziko aina mbili. Ya kwanza ni nyeupe, ngumu, isiyovutika. Kazi yake ni kuzuia kiungo kisipinde kupita kiasi. Mchezaji aliyewahi kuteguka kifundo cha mguu akifungwa vizuri kabla ya mechi, uwezekano wa kuteguka tena hupungua. Lakini hulegea kadiri anavyokimbia na kutoka jasho, kwa hivyo wakati wa mapumziko ikaguliwe.

Ya pili ni ile ya rangi, inayovutika. Ilibuniwa na Mjapani Kenzo Kase miaka ya 1970. Mashabiki wengi wa kandanda waliiona mwaka 2012, Mario Balotelli alipovua jezi baada ya kuifunga Ujerumani kwenye nusu fainali ya Kombe la Ulaya. Wauzaji husema inaongeza mzunguko wa damu. Utafiti haujalithibitisha hilo. Nafuu yake huwa ndogo na ya muda mfupi, na rangi ni urembo tu.

Tuje kwenye kano, ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, kama ya nyuma ya kisigino. Ikiuma wiki nyingi, aghalabu imebebeshwa kazi kuliko nguvu zake. Dawa yake ni kuizoesha mzigo polepole: simama ukingoni mwa ngazi, inuka kwa vidole, shuka taratibu. Anza mara chache, ongeza wiki hadi wiki. Huchukua miezi mitatu au zaidi. Plasta ikikupunguzia maumivu ukaweza kufanya mazoezi hayo, imekufaa. Ikikupunguzia maumivu ukarudi uwanjani siku hiyo hiyo kucheza kwa nguvu zote, imekuponza.

Kabla ya kubandika, osha ngozi na uikaushe. Penye mafuta haishiki. Usibandike juu ya kidonda, wala usiuzungushe mguu mzima kwa mkanda uliovutwa. Ukihisi ganzi, muwasho au vidole kuwa baridi, itoe mara moja. Mwenye kisukari aliyepungukiwa na hisia miguuni amuulize daktari kwanza.

Yapo mambo ambayo plasta isiyafunike. Huwezi kutembea hata hatua nne, mfupa unauma ukibonyezwa, ulisikia mlio wa kukatika kisiginoni, kiungo kina joto nawe una homa, au shavu la mguu mmoja limevimba: nenda hospitali. Usikimbilie kuchuliwa.

Vijana wetu wengi huficha jeraha ili wasipoteze namba kwenye timu. Makocha, waulizeni kabla ya kuwafunga. Heri kukosa mechi moja kuliko kukosa msimu mzima.