Zernez: Hesabu ya Kutembea Milimani

Kijiji cha Zernez, katika bonde la Engadin mashariki mwa Uswisi, kiko mita 1,471 hivi juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi. Lakini Zernez iko karibu na latitudo ya 47 kaskazini, na hilo hubadilisha kila kitu: theluji hung'ang'ania vipito vya juu hadi mwezi Juni, siku ya mwisho wa Juni ina mwanga wa karibu saa 16, na ya Desemba haifikii saa 9. Mtu aliyezaliwa karibu na ikweta, ambako jua huchomoza na kutua kwa ratiba ileile mwaka mzima, akifika hapa lazima ajifunze kupanga upya.

Pembeni mwa kijiji inaanza Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, iliyozinduliwa tarehe 1 Agosti 1914, kongwe kuliko zote katika milima ya Alps. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 170 tu. Anayeitazama kwenye ramani huona vijibonde vilivyobanana na kudhani ataimaliza kwa siku mbili. Hapo ndipo wageni wengi hukosea, kwa sababu ramani huonyesha umbali, ilhali milimani kinachochosha ni kupanda na kushuka.

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alipendekeza kanuni: hesabu saa moja kwa kila maili 3, kisha ongeza saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kanuni inayotumika sana leo katika Alps inafanana nayo, ila ni makini zaidi. Kwa saa moja mtu wa kawaida hutembea kilomita 4 za tambarare, au hupanda mita 300, au hushuka mita 500. Kokotoa muda wa umbali peke yake, kisha muda wa kupanda na kushuka peke yake. Chukua muda ulio mkubwa, uuongezee nusu ya ulio mdogo.

Tuifanyie kazi. Kutoka Chamanna Cluozza, nyumba ya wageni iliyo ndani ya hifadhi kwenye mita 1,882, unapanda hadi kipito cha Murter, mita 2,545, halafu unashuka upande wa pili kuelekea mto Spöl. Kupanda ni kama mita 660, kushuka tuseme mita 780, na umbali tuseme kilomita 8. Kwenye tambarare kilomita hizo ni saa 2. Lakini kupanda peke yake kunakula saa 2 na dakika 12, kushuka saa 1 na nusu na ushee; ukiongeza nusu ya zile saa 2 za umbali, jumla inakaribia saa 4 na dakika 45. Na hapo hujala, hujapiga picha, hujakaa kumtazama mnyama. Vibao vya njano vya njia za miguu za Uswisi navyo huandika muda wa kutembea bila mapumziko. Ongeza theluthi moja juu yake. Ukitembea na watoto, ongeza zaidi.

Mwili una hesabu zake. Kwenye kipito cha Murter shinikizo la hewa ni kama robo tatu ya lile la pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa robo. Kupanda kunakufanya utwete, lakini kushuka ndiko kunakoumiza. Unaposhuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki: inajikaza huku ikivutwa na kurefuka, na nyuzi zake hupata michubuko midogo sana. Maumivu yake hayaji siku ileile. Huja kesho yake, na mara nyingi huwa makali zaidi siku ya pili. Ndiyo maana mpango mzuri wa siku tatu hauweki mteremko mkubwa kwenye siku ya kwanza.

Sasa radi. Asubuhi ya Julai anga ya Engadin huwa ya buluu safi. Jua hupasha kwanza miteremko inayotazama mashariki na kusini, hewa inayoigusa hupata joto na kupanda, na ikipanda hupoa. Ikifika mahali ambapo haiwezi tena kubeba mvuke wake, mvuke hugeuka matone, na tendo hilo hutoa joto linaloisukuma hewa juu zaidi. Mawingu madogo ya saa nne asubuhi huvimba kama koliflawa ifikapo saa sita mchana, na alasiri yanaweza kupasuka. Anayeanza safari saa nne huwa kileleni katika saa mbaya kabisa. Anza saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, uvuke mgongo wa mlima kabla ya adhuhuri, na alasiri ikukute chini ya mpaka wa miti. Ukiona mwako wa radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, acha kilele, shuka.

Ndani ya hifadhi hii kuna sharti jingine ambalo lazima liingie kwenye mpango: huruhusiwi kutoka nje ya njia, hata hatua chache. Hakuna kupiga hema, hakuna moto, hakuna mbwa hata akiwa amefungwa kamba, hakuna kuchuma ua, na majira ya baridi hifadhi hufungwa kwa wageni. Kwa hiyo hakuna njia ya mkato, na ukichelewa hakuna mahali pa kulala isipokuwa umeweka nafasi mapema. Wapo wanaonung'unika. Mimi naona sharti hili ndilo zawadi kubwa ya mahali hapa. Mwaka 1917 mtaalamu wa mimea Josias Braun-Blanquet alianza kuweka alama kwenye vipande vidogo vya ardhi vya kuchunguzwa kwa kudumu, na baada ya zaidi ya miaka 100 wanasayansi bado wanarudi kuhesabu mimea ya vipande hivyo. Buti moja isiyo na adabu inaweza kuvuruga rekodi ya karne. Wanyama nao wanafaidika: wakizoea kwamba binadamu hupita mstari uleule tu, hawakimbii ovyo, wala hawapotezi nguvu wanazohitaji kwa majira ya baridi.

Ukitulia kwenye kituo cha mapumziko msituni, huenda ukamwona ndege wa jamii ya kunguru, wa kahawia mwenye madoa meupe, ambaye ndiye nembo ya hifadhi. Hupasua koni za misonobari, hujaza mbegu kwenye kifuko kilicho chini ya ulimi, kisha huzifukia chache chache ardhini. Kwa mwaka mmoja anaweza kuficha makumi ya maelfu ya mbegu, na nyingi huzipata tena hata chini ya theluji. Zile asizozirudia huota. Misonobari mingi ya juu milimani ilipandwa na ndege huyu.

Juu yake anaweza kupita tumbusi mwenye ndevu, ambaye alikuwa ametoweka kabisa katika Alps. Kati ya 1991 na 2007 ndege 26 waliachiwa katika bonde la Stabelchod, na sasa wanazaliana porini. Spishi hiyohiyo huishi katika milima ya Ethiopia. Hula mifupa, na mfupa ulio mkubwa huuangusha juu ya mwamba ili uvunjike.

Kabla ya kuondoka, uliza kama njia iko wazi. Tarehe 23 Agosti 2017, katika jimbo la Graubünden, ambamo Zernez imo, ubavu wa mlima Piz Cengalo ulimeguka na kuua watembeaji wanane. Miamba ya juu hushikwa na barafu ya kudumu ndani ya nyufa zake. Joto linapozidi, gundi hiyo hulegea. Kwa hiyo usipuuze kibao cha kufunga njia. Mwachie mwenyeji wako jina la njia na saa ya kurudi, maana mabondeni simu hupoteza mtandao. Ukipata ajali mtandao ukiwepo, piga 1414, namba ya uokoaji wa helikopta. Usipokuwepo, toa ishara sita kwa dakika moja kwa filimbi au tochi, tulia dakika moja, rudia. Jibu lake ni ishara tatu.

Msomaji unayeishi Ulaya na unaweza kuchagua wiki moja tu, chagua ya mwisho ya Septemba. Theluji ya zamani imeyeyuka, radi za alasiri zimepungua, na siku ina saa 12 kama za nyumbani karibu na ikweta. Panda treni kutoka Zernez hadi S-chanf, uingie bonde la Trupchun, ambako kulungu wekundu huwa katika msimu wa kupandana na madume hunguruma mchana kutwa. Beba darubini, koti zito na chakula cha siku nzima.