Ukoka mbele ya nyumba: panda kidogo, panda mahali panapofaa, usimalize maji ya kunywa

Ukiishi Kismayo unaijua kazi ya asubuhi wakati wa kusi: kuzoa mchanga ulioingia usiku kupitia chini ya mlango. Unajua pia jinsi mvua ya masika inavyochimba kona za nyumba, hasa za mabati au turubai zilizosimamishwa juu ya mchanga mtupu. Wengine waliorudi kutoka Dadaab wamepata kiwanja na nyumba, lakini mbele yake hakuna hata jani moja. Je, kupanda nyasi kunasaidia? Kunasaidia, ila kwa masharti, na sharti la kwanza ni maji.

Tupige hesabu. Kiwango cha chini ambacho mashirika ya misaada hukifuata ni lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku. Nyasi mpya kwenye mchanga, kama hakuna mvua, huhitaji takriban lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku katika wiki mbili za mwanzo. Kwa hiyo mita tatu za mraba, ukubwa wa mkeka mkubwa tu, zinakunywa maji ya mtu mmoja. Ukinunua maji kwa mtungi au kwa mkokoteni wa punda, usipande wakati wa kiangazi. Subiri mvua ya masika ianze, mwezi wa Aprili, au vuli, mwezi wa Oktoba, uache mvua ikufanyie kazi. Na kwa ndugu zetu wa visiwani, Koyama, Chovai na Chula, ambako visima vingine vina chumvi na maji ya mvua ni ya kuhifadhi, ushauri wangu ni huu: maji ya jabia yasiguswe kwa ajili ya nyasi hata kidogo.

Maji ya kuogea na ya kuoshea mboga yanafaa kumwagilia. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi au dawa ya klorini hayafai, wala maji yaliyoosha nepi za mtoto. Mwaga kidogo kidogo, yanywewe na ardhi. Yakituama yanazaa mbu.

Mahali pa kupanda

Pwani ua hufagiwa mpaka ukang'ara, na mama mwenye ua safi husifiwa. Desturi hiyo ina maana yake, kwa sababu nge na nyoka huonekana mapema kwenye mchanga uliofagiwa. Basi usiuondoe ua wako. Acha hatua tatu au nne za mchanga mtupu kuzunguka mlango, kisha panda ukanda mwembamba wa nyasi upande unakotoka upepo wa kusi, na mwingine pale maji ya paa yanapoangukia. Kipande cha mita moja kwa tatu mahali hapo kina faida kuliko uwanja mzima wa kijani uliokosewa.

Kabla ya kuchimba, muulize mwenye ardhi. Viwanja vingi vya makazi ya waliohama ni mali ya watu binafsi, na mstari wa nyasi unaweza kueleweka kama dai la mpaka. Mazungumzo mafupi mbele ya mzee wa mtaa huzuia ugomvi mrefu. Na ukikuta kipande cha chuma usichokifahamu ardhini, usikiguse wala usikipige jembe. Waondoe watoto, weka alama kwa mbali, toa taarifa kwa kiongozi wa makazi. Mji huu umepiganiwa mara nyingi na mabaki ya silaha bado yanapatikana.

Nyasi gani, na kutoka wapi

Inayofaa ni ukoka: inatambaa, inavumilia jua kali na chumvi kiasi. Haipendi kivuli, kwa hiyo chini ya mwarobaini usijisumbue. Mkulima huiona ukoka kuwa gugu. Waombe wenye mashamba ya kando ya Mto Juba, upande wa Gobwen, na huenda wakafurahi uwapunguzie. Usiipande karibu na bustani yako ya mboga, itaingia.

Usikate nyasi wala ule mtambaazi wa ufukweni wenye maua ya zambarau kutoka kwenye vilima vya mchanga. Mimea hiyo ndiyo inayouzuia mchanga usitembee. Katika miaka ya 1970 watu wengi walifanya kazi kubwa ya kupanda mimea Shalambood, Shabelle ya Chini, ili kuzuia vilima visifunike mashamba na barabara. Ukivua kilima nguo yake, atakayefukiwa kwanza ni jirani yako wa chini.

Kata vipande pamoja na udongo wake, upana wa shubiri moja na nusu, unene wa vidole vitatu. Vifunike kwa gunia lenye unyevu na uvipande siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo changanya mchanga wako na samadi ya mbuzi iliyooza, sawazisha ardhi iteremke kutoka nyumbani, kisha ilowanishe. Panga vipande vikigusana, viungo vyake vipishane kama matofali, na ukanyage juu ya ubao ili mizizi iguse udongo. Penye mteremko vichomee vijiti viwili kila kimoja.

Kama huna vipande vya kutosha, tumia vikonyo. Kila kikonyo kiwe na vifundo vitatu: zika viwili, kimoja kibaki juu, uache shubiri moja kati ya mmoja na mwingine. Vitachukua miezi miwili au mitatu kufunika ardhi, lakini gunia moja linapanda eneo kubwa. Binafsi napendelea njia hii, kwa sababu hasara yake ni ndogo ikishindikana.

Baada ya kupanda

Mwagilia alfajiri au baada ya alasiri. Baada ya siku kumi vuta pembe ya kipande kimoja polepole. Kikigoma, mizizi imeshika, na sasa unaweza kumwagilia kila baada ya siku mbili au tatu, kwa maji mengi zaidi kwa mara moja. Kikinyanyuka, endelea kama mwanzo.

Adui mkubwa wa nyasi changa ni mbuzi, tena mara nyingi ni mbuzi wa jirani. Zungushia matawi ya miiba kwa mwezi mmoja na uwajulishe majirani mapema. Baadaye mbuzi wakila kidogo haidhuru. Nyasi zikizidi urefu wa kidole zikate, usiondoe zaidi ya theluthi kwa mara moja, na usiziache ziwe kichaka cha nge.

Kati ya Januari na Machi ukoka itageuka rangi ya majani makavu. Usiimwagilie kwa maji ya kununua wala usiing'oe. Mizizi iko hai chini ya mchanga, na mvua ya Aprili itaifufua.