KUSAHAU UZEENI: NI UCHAWI AU NI UGONJWA?

Hebu tumfikirie bibi mmoja wa kijijini. Zamani alikuwa hodari wa kulima na kuhesabu magunia yake ya mpunga. Siku hizi anatia chumvi kwenye mchuzi mara mbili. Mjukuu wake anamwita kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki. Usiku anatoka nje peke yake, na asubuhi anakutwa kwenye uwanja wa jirani, hajui amefikaje. Macho yake ni mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni wa miaka mingi. Basi majirani wanaanza kunong'ona.

Sisi wa Nyakato, na Usukumani kote, tunajua minong'ono kama hiyo inaweza kuishia wapi. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga wazee wengi, hasa akina mama, wameuawa kwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi. Kwa hiyo ni lazima tujue: bibi huyu ana nini?

UBONGO UNAVYOZEEKA

Ndani ya ubongo wa mtu mna seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli hizo zimeunganishwa kama nyuzi za wavu wa dagaa. Tunapokumbuka jina au njia ya kwenda shambani, habari hupita kutoka seli moja hadi nyingine.

Mtu akizeeka, ubongo wake hupungua kidogo na kazi yake huenda polepole. Ndiyo maana mzee huchelewa kukumbuka jina, lakini akipewa nafasi hulikumbuka. Huo si ugonjwa. Mzee aliyesahau bei ya mbuzi aliyemwuza mwaka jana hana neno. Lakini mzee anayepotea njia ya nyumbani kwake mwenyewe anahitaji kupelekwa zahanati.

Huyo huenda ana ugonjwa wa kusahau, ambao wataalamu huuita demensia. Mwaka 1906 daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza aliyoyaona katika ubongo wa mama mmoja aliyefariki. Alikuta mabonge ya uchafu na nyuzi zilizosokotana. Wavu ulikuwa umeharibika. Aina hiyo ya ugonjwa sasa inaitwa kwa jina lake. Aina nyingine hutokea mishipa ya damu ya ubongo inapoziba au kupasuka, na mara nyingi chanzo chake ni presha.

UTAFITI WA HAPA KWETU

Je, kila mzee lazima apatwe? Hapana. Wataalamu waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Waliokutwa na ugonjwa huo walikuwa 6 hivi katika kila watu 100. Maana yake ni kwamba wazee walio wengi hawakuwa nao. Basi tusiseme, "Aah, ni uzee tu," tukamwacha mgonjwa. Wala tusiseme ni uchawi.

KUSOMA KUNASAIDIAJE?

Wapo wanaosema ati ubongo wa mtu mzima umekwisha kukauka, hauwezi kujifunza. Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2009 unawajibu. Ulifanywa kwa wapiganaji wa Kolombia waliotoka msituni, ambao walijifunza kusoma wakiwa watu wazima, kama nyinyi. Picha za ubongo wao zililinganishwa na za wenzao wasiojua kusoma. Kwa wale waliojifunza, sehemu zinazotumika kusomea zilikuwa zimeshiba zaidi, na njia inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto ilikuwa imara zaidi.

Mwaka 2019 watafiti wa New York nao walitoa habari za wazee waliosoma shule miaka minne au pungufu, na wengine ambao hawakuisoma kabisa. Wasiojua kusoma na kuandika walikutwa na ugonjwa wa kusahau karibu mara tatu ya wale waliojua.

Kusoma si kinga kamili. Hata maprofesa hupatwa. Lakini wavu wenye nyuzi nyingi, hata zikikatika chache, bado unavua.

TUFANYE NINI?

Mwaka 2024 wataalamu wa jarida la udaktari la Lancet walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huu. Walisema kwamba mambo hayo yote yakiondolewa, karibu nusu ya wagonjwa wangekingwa au wangechelewa kuugua. Sisi tuanze na haya:

1. Tupime presha na kisukari, na anayepewa dawa asiache kuzitumia.
2. Tuache sigara na pombe nyingi.
3. Tutembee na kufanya kazi za mikono.
4. Mzee asiyesikia au asiyeona vizuri apelekwe hospitali.
5. Tusome kila siku, hata ukurasa mmoja.
6. Tusimwache mzee akae peke yake.

Dawa ya kuuponya kabisa ugonjwa huu haijapatikana. Lakini huko huko Hai wagonjwa walikusanywa katika vikundi vidogo. Walizungumza, waliimba na walicheza michezo. Walionekana kupata nafuu. Hayo tunaweza kuyafanya hata nyumbani kwetu. Tumwulize bibi habari za ujana wake, tumwimbishe nyimbo anazozijua, tumkalishe pamoja na wajukuu wakati wa kupukuchua mahindi. Usiku, mtu mmoja alale karibu naye ili asitoke akapotea.

Ndugu msomaji, wewe unajua kusoma. Jirani yako labda hajui. Jioni hii msomee makala hii kwa sauti, hasa kama nyumbani kwake yuko mzee ambaye watu wameanza kumnong'onea.