Gofu St Andrews: Uwanja wa umma, nafasi kwa droo

JUMAPILI hakuna mpira unaopigwa katika uwanja wa gofu unaotafutwa kuliko mwingine wowote duniani. Isipokuwa kuna mashindano makubwa, siku hiyo Old Course, ulioko katika mji wa St Andrews, pwani ya mashariki ya Scotland, hugeuka bustani ya mji. Watu hutembeza mbwa, wazazi husukuma watoto kwenye vigari, na mgeni hukanyaga bure nyasi ambazo siku nyingine angezilipia fedha nyingi.

Wapenzi wengi wa gofu katika ukanda wa Afrika Mashariki hudhani uwanja huo ni mali ya klabu ya mabwana wakubwa. Sivyo. Lile jengo la mawe linaloonekana katika kila picha, nyuma ya pale wachezaji wanapoanzia, ni la klabu ya Royal and Ancient, ambayo asili yake ni mwaka 1754. Lakini ardhi iliyo mbele ya jengo hilo ni ya umma. Husimamiwa na St Andrews Links Trust, chombo kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1974, na wanachama wa klabu nao hupangiwa muda wao kama wengine.

Habari hii ina maana kwa mfanyabiashara wa Namanga, Busia au Rusumo ambaye siku hizi hushika fimbo za gofu mwishoni mwa wiki. Nyumbani, viwanja vingi ni vya klabu. Mwanachama hujua mlango wake, na mgeni hulipa ada ya siku. Kule St Andrews, kundi la marafiki wanne lisilo na mwenyeji wala barua ya mkubwa linaweza kuingiza majina yake kwenye droo moja na matajiri wa Marekani, likasubiri jibu.

Droo yenyewe haina maringo. Majina hutolewa siku mbili kabla ya siku ya kucheza, na kundi linaloomba huwa la watu wawili hadi wanne. Kuomba ni bure. Anayelipa ni aliyepata. Kwa kuwa Jumapili uwanja hufungwa, anayetaka kucheza Jumatatu hutazama matokeo ya Jumamosi. Hakuna anayezuiwa kuomba tena kesho yake, na keshokutwa.

Ada yenyewe si ya mchezo. Katika msimu wa kiangazi cha mwaka 2025 mchezaji mmoja alitozwa Pauni 340 kwa mzunguko mmoja, ambazo ni zaidi ya Shilingi milioni 1 za Tanzania. Anayebeba fimbo hulipwa kando. Magari madogo ya gofu hayaruhusiwi, labda kwa mwenye sababu ya kiafya, kwa hiyo mwenye malori kumi naye atatembea kwa miguu mashimo yote 18. Wapo pia mawakala wanaouza nafasi ya uhakika, ikiwa imefungwa pamoja na hoteli na viwanja vingine. Mfanyabiashara hahitaji kuelezwa jinsi bei inavyopanda mzigo unapopita kwa dalali.

Wafanyabiashara ndio walioikaribia kuiua gofu ya mji huo. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitia saini hati iliyompa yeye ruhusa ya kufuga sungura katika ardhi ile ya mchanga, na papo hapo ikatambua haki ya wenyeji kucheza gofu na michezo mingine humo. Mambo yalikaa hivyo zaidi ya karne mbili. Kisha halmashauri ya mji ikazama kwenye madeni, na mwaka 1797 ikaiuza ardhi. Miaka miwili baadaye ilikuwa mikononi mwa akina Dempster, wafanyabiashara walioona faida katika nyama na manyoya ya sungura.

Sungura huzaliana, na huchimba. Uwanja ukajaa matundu, wachezaji wakaja juu. Kesi ikafika mahakamani, na wenyeji wakawa wanawaua sungura kwa madai kwamba haki ya kucheza haikuuzwa pamoja na ardhi. Mvutano ulidumu zaidi ya miaka 20, hadi mwaka 1821, James Cheape, mwenye shamba jirani na mpenzi wa gofu, alipoinunua ardhi hiyo. Mwaka 1894 Bunge likapitisha sheria iliyouwezesha mji kuipata tena.  Akina Dempster walinunua mali iliyokuwa sokoni wakaifanyia biashara, na mnunuzi yeyote mwenye hesabu angefanya vilevile. Kosa lilikuwa la halmashauri iliyolipia madeni yake kwa kitu ambacho wananchi wote walikuwa wakikitumia.

Alama za uwanja wa watu bado zipo ndani ya mchezo. Barabara ya umma hukatiza shimo la kwanza na la 18, na wachezaji husimama kusubiri wapita njia wavuke. Daraja dogo la mawe la Swilcan, ambalo mabingwa hupigia picha, ni la karne nyingi na lilijengwa kwa ajili ya wachungaji kuvusha mifugo. Mashimo 14 hushirikiana grini saba kubwa, mawili mawili, kwa sababu zamani wachezaji walikwenda na kurudi kwa njia ileile nyembamba. Ukijumlisha namba za mashimo yanayoshirikiana grini moja, jibu ni 18 kila mara: la pili na la 16, la tano na la 13. Hata hiyo idadi ya 18 inayotumika duniani kote ilitoka hapo, baada ya uwanja uliokuwa na mashimo 22 kupunguzwa mwaka 1764.

Shimo la 17 ndilo linalovunja mioyo. Mchezaji hupiga mpira wa kwanza juu ya vibanda vya hoteli, bila kuona unakoangukia. Grini ina shimo refu la mchanga mbele yake na barabara nyuma yake. Mpira ukitua barabarani hupigwa ukiwa hapohapo, juu ya lami. Hakuna msamaha.

Kundi linalofikiria safari hiyo lina kazi ya kufanya kabla ya kuhesabu nauli. Kila mmoja lazima awe na handikapu inayotambuliwa, isiyozidi 36. Tangu mwaka 2020 viwango hivyo huhesabiwa kwa mfumo mmoja wa dunia, kwa hiyo karatasi ya klabu ya Kampala au Nairobi husomeka Scotland bila tafsiri, kama cheti cha uasili wa bidhaa kinavyosomeka pande zote mbili za mpaka. Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mrundi na Mnyarwanda wote huhitaji viza ya Uingereza. Treni haifiki St Andrews. Abiria hushuka Leuchars, kisha hupanda basi au teksi kwa safari fupi.

Walio na kikoba chao wanajua namna ya kuchanga kidogo kidogo. Jambo linalofaa kuamuliwa mapema ni idadi ya siku. Anayekwenda kwa siku mbili akitegemea droo anacheza kamari. Anayekaa wiki nzima ana majaribio kadhaa, na siku anazokosa hazipotei, kwani Links Trust ina viwanja saba. New Course ulifunguliwa mwaka 1895 na Jubilee mwaka 1897, ada zake ni za chini, na nafasi zake huweza kuwekwa mapema. Kwa mchezaji wa kawaida, Jubilee utamtesa vya kutosha.

Lipo na jambo ambalo marafiki husahau kulizungumza. Kundi likikosa droo, bado mtu mmoja mmoja anaweza kujiandikisha mwenyewe mjini siku moja kabla, ili kujazia makundi yaliyo pungufu. Zamani watu walikesha foleni usiku wa baridi kwa ajili ya nafasi hizo. Tangu mwaka 2024 nazo hutolewa kwa droo. Katika wanne, huenda akapata mmoja tu. Ni vizuri kukubaliana nyumbani kama atakwenda peke yake au ataiacha. Akienda, wenzake watatu wanaweza kumsubiri kwenye uzio mfupi kando ya mtaa, hatua chache kutoka grini ya 18, wamwone akivuka daraja la wachungaji. Kusimama hapo hakutozwi kitu.