Sarafu ya Mashindano na Faida Inayobaki Kabatini

Mkulima wa ufuta wa Likawage, ndani kabisa ya Wilaya ya Kilwa, akishauza mnadani kwa stakabadhi ghalani hulipwa kwa akaunti. Sarafu kwake ni chenji tu, kama ile ya mia tano iliyoanza kutumika mwaka 2014, mzee Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Ipo sarafu nyingine isiyotafuta chumvi dukani wala nauli ya bodaboda. Hufuliwa ili ifungiwe kabatini, na wenye kuifua hutajirika kwa sababu hiyo hiyo. Tanzania, Kenya na Uganda zinapojiandaa kuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2027, biashara hii inafaa kutazamwa kwa jicho la mhasibu. Mashabiki wana yao.

Hesabu yake ni rahisi. Sarafu ni ahadi ya Benki Kuu kwa aliyeishika. Anayeifungia sandukuni haji kudai, na kile alicholipa kikizidi gharama ya madini na ufuaji, salio ni faida. Finland ilitoa sarafu ya fedha ya marka 500 kwa Olimpiki ya Helsinki ya 1952. Ujerumani Magharibi ikaja na mizani kubwa zaidi: kwa ajili ya Munich 1972 ilifua takriban sarafu milioni 100 za marka 10, na faida ikasaidia kulipia michezo yenyewe. Marekani ilitumia njia nyingine. Kwa Los Angeles 1984, bei ya kila sarafu iliongezewa tozo, dola 10 kwa ya fedha na dola 50 kwa ya dhahabu. Zaidi ya dola milioni 73 zikakusanywa.

Kisha tamaa. Kwa Atlanta 1996, Wamarekani hao hao walitoa sarafu 16 tofauti ndani ya miaka miwili. Wakusanyaji walichoka, nyingi zikadoda, na mwaka huo huo Bunge lao likapitisha sheria ya kuzuia utitiri: matoleo mawili tu ya kumbukumbu kwa mwaka. Kichekesho ni kwamba baadhi ya zile zilizokataliwa leo ni ghali, maana zilizouzwa zilikuwa chache. Soko hili halina huruma kwa serikali, lina huruma kwa uhaba.

Watanzania wamewahi kuipa thamani biashara hii bila kugawiwa. Mwaka 1974 New Zealand ilitoa sarafu ya dola moja kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch. Kinachofanya michezo ile ikumbukwe hadi leo ni mbio za mita 1,500, ambazo Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo na kumaliza kwa rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Kwa Olimpiki ya Moscow, miaka sita baadaye, Wasovieti walifua sarafu za fedha, dhahabu na platinamu, nyingi zikiwindia fedha za kigeni. Huko Bayi alipata medali ya fedha kwenye kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata nyingine kwenye mita 5,000.

Nasi mwaka ule ule wa 1974 tulikuwa na sarafu zetu za wakusanyaji, katika mfululizo wa kimataifa wa hifadhi ya wanyama: twiga kwenye shilingi 25, kifaru kwenye 50, na kwenye 1,500 ya dhahabu, duma. Mkimbiaji tuliyempa dhahabu mwaka ule alikuwa na miguu minne.

Ajabu ni kwamba pwani hii ilijifulia sarafu zamani. Masultani wa Kilwa walitoa za shaba zenye majina yao, hata chache za dhahabu. Moja ya shaba, ya al-Hasan bin Sulaiman, ilikutwa Great Zimbabwe, na tano ziliokotwa visiwa vya Wessel, Australia, mwaka 1944. Leo sarafu zetu hufuliwa ng'ambo. Ndiyo maana mkataba na anayezifua ni muhimu kuliko picha. Viwanda binafsi huzifuata nchi maskini vikiomba majina ya nchi hizo yaandikwe kwenye sarafu za mpira zinazouzwa Ulaya, na hazina huambulia kamisheni. Majina ya Congo na Uganda yamezunguka sana kwa njia hiyo. Nembo ya mashindano nayo ni mali ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, na kuitumia kunahitaji kibali chake.

Kwa maoni yangu, toleo moja dogo litatosha: sarafu tatu, moja ya kila nchi mwenyeji, katika kasha moja. Shilingi moja ya Afrika Mashariki iliwahi kututosha sote hadi 1966, kwa nini kasha lisitutoshe? Dhahabu ipo, kwani wauzaji wake nje wanatakiwa kutenga asilimia 20 kwa ajili ya Benki Kuu. Kwa zitakazofuliwa kwa shaba, urudiwe muundo wa Kilwa, ambao hakuna mwingine duniani anayeweza kuudai.

Na kasha liwe la mpingo. Hapa ndipo Likawage inapoingia. Vijiji vya Kilwa kama hicho vina misitu yao kisheria na huvuna mbao ngumu kwa mpango; Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu mwaka 2009 kupitia shirika la uhifadhi wa mpingo la MCDI, na mapato ya mbao huingia kwenye mfuko wa kijiji. Mpingo wa ukanda huu huishia kwenye zumari za okestra za Ulaya. Mnunuzi anayelipa mamia ya dola kwa sarafu hununua pia kisa chake, na mti uliovunwa na kijiji chenye cheti ni kisa kinachouzika.

Ila mpingo hautaki haraka. Ukikaushwa kwa pupa hupasuka, na mafundi huuacha kivulini miezi mingi kabla ya kuutia randa. Anayetaka makasha ya 2027 aagize magogo kwanza, mchoro wa sarafu ufuate.